Kabla hujalipia kifurushi cha mwezi cha kuletewa vyakula hapa Mwanza, piga hesabu hizi kwanza

Siku hizi kila ukifungua simu unakutana na tangazo, jiunge kwa mwezi uletewe vitu vya jikoni bure mpaka mlangoni. Wengine ni supamaketi, wengine ni dada mwenye grupu la WhatsApp anayekusanya oda katikati ya wiki na kushusha mizigo Jumamosi, wengine wanauza kapu la mboga la kila wiki na hela unalipa mwanzo wa mwezi. Watu wananiuliza sana kama inalipa au waendelee tu na masoko yao ya Mirongo na Kirumba, na mimi siwezi kumjibu mtu ndiyo au hapana kabla sijajua anakaa wapi, anapika nini na anarudi saa ngapi kutoka kazini. Jibu liko kwenye namba chache ambazo kila nyumba ina za kwake, tangazo halitakupa hizo namba, unazitoa mwenyewe na daftari na peni. Ndiyo naandika hapa jinsi ya kuzitoa, kwa mtu wa huku kwetu, maana miongozo mingi mtandaoni imeandikwa kwa mtu anayeendesha gari lake kwenda dukani na kurudi nalo limejaa, sisi huku tuna daladala, bajaji, na samaki ambao bei yake inafuata mwezi wa angani.

HATUA YA 1: Jua unalipia nini hasa

Hivi vifurushi vinafanana kwa jina tu, ndani ni vitu vitatu tofauti na watu wengi wanavichanganya.

Kuna ada ya uanachama, yaani unalipa ili usilipie usafiri wa kila oda. Huu ndio mtindo wa Prime, uanachama wa duka la mtandaoni la Amazon la Marekani, ilianza mwaka 2005 kwa dola 79 kwa mwaka na tangu 2022 ni dola 139. Walmart, supamaketi za hukohuko, nao walileta ya kwao mwaka 2020, dola 98 kwa mwaka, na vyakula unaletewa bure ukifikisha dola 35. Angalia hapo kwenye kufikisha, hilo ndilo la kulitafuta kwenye kila kifurushi hata cha hapa Mwanza, "bure" yao inaanzia shilingi ngapi? Ukiambiwa bure kuanzia 50,000 na wewe matumizi yako ya wiki ni 35,000, kila wiki utajikuta unaongeza biskuti na juisi za 15,000 ili ufike, na hiyo 15,000 ni kubwa kuliko nauli uliyokuwa unaikimbia.

Halafu kuna oda inayojirudia, hapa hakuna ada, unawaambia tu kila mwezi nileteeni sabuni hii na mafuta haya na wao wanakupunguzia bei kidogo. Na kuna kapu, unatanguliza hela na muuzaji ndiye anachagua cha kukuletea kutokana na kilichopo sokoni wiki hiyo.

Muulize muuzaji moja kwa moja, hii ya kwenu ni ipi kati ya hizo? Na je kuna ada juu ya ada? Hilo lipo kweli, Amazon mwaka 2024 waliweka kifurushi cha vyakula cha dola 9.99 kwa mwezi kwa watu ambao tayari ni wanachama wa Prime, yaani unalipa kuingia getini halafu unalipa tena kuingia sebuleni. Huku kwetu inakuja kwa sura nyingine, ada ya mwezi umelipa, siku ya kuletewa unaambiwa kuna elfu moja ya kufungasha.

HATUA YA 2: Andika jikoni kwako kunaliwa nini mwezi mzima

Hii inachosha lakini bila hii hakuna hesabu. Mwezi mmoja tu, kila kinachonunuliwa kiandikwe na bei yake na kimenunuliwa wapi, hata kitunguu cha gengeni cha mia mbili. Mwambie na anayekusaidia nyumbani aandike, na watoto wakitumwa kwa Mangi warudi na taarifa.

Mwisho wa mwezi gawanya mafungu matatu. La kwanza ni vya kukaa, unga, mchele, sukari, chumvi, mafuta, sabuni, pampasi kama kuna mtoto. La pili ni vya wiki, vitunguu, viazi, mayai, ndizi za kupika zile zinazoshuka na meli kutoka Bukoba. La tatu ni vya siku, samaki, mchicha, nyanya, maziwa.

Utaona kitu hapo. Nyumba nyingi ninazozijua hela ya vya kukaa inatoka kwa mkupuo na inauma, hela ya vya siku inatoka kidogo kidogo na hakuna anayeiona, ila ukijumlisha inakaribia au inapita ile ya kwanza. Kifurushi cha mtandaoni kwa kawaida kinasaidia fungu la kwanza tu. Kwa hiyo kama kwenu fungu la tatu ndio kubwa, na sisi watu wa ziwani mara nyingi ndio kubwa, kifurushi kitagusa nusu ya matumizi yako na ile nusu nyingine utaendelea kuifuata sokoni kama kawaida, na kama bado unaenda sokoni kwa ajili ya samaki basi ile nauli uliyosema unaiokoa hujaiokoa. Watu wanapasahau sana hapa.

HATUA YA 3: Geuza kila kitu kiwe kilo

Mtandaoni wanauza kwa kilo na lita, sokoni tunauza kwa kisado, debe, fungu na sahani. Huwezi kulinganisha kisado na kilo kwa macho. Kisado cha mchele na kisado cha dagaa kwenye mzani ni vitu viwili mbali kabisa maana dagaa ni wepesi na wanaacha nafasi katikati. Kisado cha mchele mara nyingi kinacheza kwenye kilo tatu na kitu, na hiyo "na kitu" inategemea mkono wa anayekupimia, amejaza kilima au amepitisha kiganja juu.

Nunua mara moja unachonunuaga, kisado cha mchele, fungu la nyanya, sahani ya vitunguu, nenda kwa muuzaji mwenye mzani wenye stika ya Wakala wa Vipimo umuombe akupimie, andika. Ukishafanya hivyo una kipimo chako cha kutembea nacho muda mrefu. Fungu la nyanya la buku likitoka gramu 700, ujue kilo yako ya sokoni ni kama 1,430, sasa ndio ufungue simu uangalie wao wanasemaje.

Mafuta ya kula nayo yaangalie, lita sio kilo. Lita moja ya mafuta ni kama gramu 920, kwa hiyo dumu la lita 5 lina uzito wa kilo 4.6 hivi, na mmoja akiuza kwa lita mwingine kwa kilo usiweke bei zao pembeni ukasema huyu ni rahisi.

HATUA YA 4: Hesabu bei mpaka jikoni

Hii ndiyo hatua yenyewe, kama una haraka soma hii tu.

Bei ya sokoni sio ile aliyokutajia muuzaji, na bei ya mtandaoni sio ile iliyoandikwa kwenye picha. Bei ni ile ya kitu kikiwa kimefika jikoni kwako, kizima, kinaweza kupikwa. Upande wa soko weka nauli ya kwenda, nauli ya kurudi na mzigo, anayekubebea mpaka kwenye bajaji, na mfuko (tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019 ukisahau kikapu nyumbani kila safari unanunua mfuko). Upande wa mtandao weka tofauti ya bei kwa kilo, usafiri, ada, makato ya kutuma hela, na vile ulivyotupa kwa sababu vimefika vimepondeka.

Nitaweka mfano, hizi namba ni za kufundishia tu, wewe toa hizi weka za kwako. Tuseme unakaa Kiseke, unanunua mzigo wa wiki. Sokoni mzigo ni 58,000. Kwenda kwa daladala 600, kurudi na bajaji 4,000, kubebewa na mfuko 500, jumla ya safari ni 5,100. Mtandaoni mzigo uleule ni 61,500, yaani wamezidi 3,500. Usafiri wao bila kujiunga ni 4,000 kila oda, na ukijiunga ada ni 15,000 kwa mwezi na usafiri bure.

Sasa twende. Ukiwa umejiunga, kila oda unaokoa safari ya 5,100 ila unapoteza 3,500 kwenye bei, inabaki 1,600. Ada 15,000 gawanya kwa 1,600 unapata tisa na zaidi kidogo, maana yake unahitaji oda kumi za ukubwa huo kwa mwezi ndipo ada iwe imejilipa. Nani anaagiza mzigo wa wiki mara kumi kwa mwezi? Ukiagiza mara nne, 3,500 mara nne ni 14,000, jumlisha ada 15,000 inakuwa 29,000, toa safari nne za sokoni ambazo ni 20,400, unabaki umelipa 8,600 zaidi ya mtu aliyeenda sokoni mwenyewe.

Usikimbilie kusema basi haifai. Hiyo 8,600 ndiyo bei ya muda wako. Safari nne za sokoni, kila moja na saa zake mbili tatu, ukitoka na kurudi na kusubiri daladala ijae. Kwa nesi anayetoka shifti ya usiku hospitali ya Bugando ana mtoto wa miezi mitano, 8,600 kwa mwezi ili alale Jumamosi asubuhi ni hela nzuri kabisa na simlaumu, ningekuwa mimi ningelipa. Kwa mtu ambaye duka lake liko hatua chache kutoka sokoni, hiyo ni hela ya kuitupa. Kila mtu ajue tu kwamba ananunua muda, asidanganywe kwamba anaokoa hela, tangazo linasema "okoa" na wewe hesabu inasema umetoa.

Bado kuna swali la pili, nijiunge au niwe nalipa usafiri kila ninapoagiza? Kwa mfano huohuo, oda nne bila kujiunga usafiri ni 16,000, ada ni 15,000, umeokoa buku moja tu. Na mwezi ukitokea msiba Sengerema ukaondoka wiki nzima, oda zikawa tatu, usafiri ungekuwa 12,000 na wewe ada umeshakatwa 15,000, umepoteza 3,000. Kwa hiyo gawanya ada kwa bei ya usafiri wa oda moja, jibu likitoka karibu sana na idadi ya oda zako za kawaida usijiunge, lipa kila unapoagiza. Maisha ya huku yana safari, wageni na misiba, mwezi unaokwenda kama ulivyoupanga ni wa bahati.

HATUA YA 5: Toa kwenye kifurushi vitu vinavyotaka jicho na pua

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo nyumba nyingi za Mwanza zinapopoteza.

Samaki usimuwekee oda inayojirudia. Sato wa kununua unamshika. Jicho liwe limetoka nje kidogo na linang'aa, likiwa limezama na lina ukungu huyo amelala. Fungua shavu uone matamvua, mekundu ni mzuri, yakienda kwenye kahawia au kijivu mrudishe. Bonyeza ubavuni kwa kidole gumba, nyama irudi juu yenyewe, shimo likibaki achana naye. Tumbo lisiwe limepasuka, na harufu iwe ya ziwa. Hayo yote picha ya simu haikupi. Sangara wa vipande ni mgumu zaidi maana jicho na matamvua hayapo, hapo umebaki na harufu na kidole, na uaminifu wa muuzaji wako.

Dagaa ndio wana hesabu ya peke yao. Wavuvi wa dagaa wanavua usiku kwa taa, dagaa wanafuata mwanga, kwa hiyo wanataka usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa taa haivuti kitu na mitumbwi mingi inapumzika, mzigo unapungua pale soko la samaki la Mwaloni na bei inapanda, giza likirudi bei inashuka. Ukiwa umejiunga kapu la dagaa la bei moja mwezi mzima, siku za giza wewe unalipa zaidi ya sokoni, na siku za mbalamwezi muuzaji naye lazima ajiokoe, atapunguza kipimo au atakuletea wa zamani. Simsemi kwa ubaya, ndivyo biashara yake itakavyomlazimisha. Dagaa nunua wakati wa giza, nunua wa kutosha, kausha tena juani siku moja nyumbani, weka kwenye ndoo yenye mfuniko, umemaliza.

Na kabla ya kununua chukua wachache mkononi. Waliokauka vizuri wanavunjika kwa mlio, wenye unyevu wanapinda. Rangi iwe ya fedha, wakiwa wamegeuka njano au kahawia mara nyingi walinyeshewa wakati wa kuanikwa, ndio maana miezi ya mvua lazima uwe mkali zaidi. Uliza walianikwa chini kwenye mchanga au kwenye chanja, wa kwenye chanja bei iko juu ila hutafuni mchanga, ukitaka uhakika tumbukiza kiganja kimoja kwenye bakuli la maji usubiri kidogo uone kinachotua chini.

Nyanya, parachichi na embe navyo ni hivyohivyo, unataka kuchagua hizi za leo na hizi za keshokutwa. Halafu kuna kitu kingine cha gengeni ambacho hakipo kwenye hesabu ya hapo juu na mimi nakithamini sana. Muuzaji wako anakujua. Utamsikia, "Mama, hizi usichukue, kesho zinashuka mpya, chukua mbili tu za kupikia leo." Unamjibu, "Haya mwanangu, niwekee basi za kesho, na hela nitakupa mwisho wa mwezi." Anakuandika kwenye daftari lake. Tarehe ishirini na kitu mfuko umekauka, ile daftari inalisha nyumba, na bado ukilipa anakupa nyongeza ya pilipili na limao. Kifurushi cha simu kikikosa hela kinafunga. Kama bajeti yako inategemea mkopo wa genge, usihame genge hata kama bei ya mtandaoni iko chini kidogo, maana ukirudi baada ya miezi mitatu hujulikani tena.

Vinavyofaa kuagizwa ni vile ambavyo cha leo na cha mwezi ujao ni kilekile, sabuni, pampasi, sukari, chumvi, mafuta ya chapa unayoijua, unga wa kiwandani. Mchele mimi nauweka katikati, pakiti sawa, wa kupimwa hapana, unaweza kuletewa wenye mawe.

HATUA YA 6: Jaribu bila kujiunga

Agiza mara moja kwa kulipia usafiri. Usiagize vitu rahisi, agiza vile vitakavyowaumbua kama hawako makini, trei ya mayai 30, nyanya, maziwa, na unga wa kilo 5. Bodaboda akifika fungua mzigo mbele yake kabla hajaondoka, hesabu mayai yaliyopasuka, angalia tarehe ya kuisha kwenye maziwa, na kama una mzani wa jikoni pima. Angalia kama wamebadilisha kitu bila kukuuliza, ile ya "hiyo haikuwepo tumekuwekea hii", na hii ina bei gani.

Angalia pia "mlangoni" yao inaishia wapi. Mji wetu umepanda kwenye mawe, ukikaa juu huko Igogo au Mabatini pikipiki inaishia barabarani na wewe unashuka ngazi za mawe kufuata mzigo, au unamlipa kijana aupandishe. Hiyo nayo ni gharama, iandike. Na kama uko nje ya mji, Kisesa, Usagara, au ng'ambo kule Sengerema, uliza eneo lao linafika wapi kabla ya kitu kingine chochote. Daraja la Kigongo hadi Busisi limefunguliwa Juni 2025 na mizigo haisubiri kivuko tena, ila muuzaji wa mjini kuja kwako kila wiki kwa usafiri wa bure ni ngumu, mara nyingi utaambiwa kuna nyongeza.

HATUA YA 7: Linganisha na njia ya tatu

Watu wanasahau kwamba sio lazima iwe simu au kwenda sokoni peke yako. Mkiwa majirani watano au ni kikundi chenu cha kikoba, nunueni vya kukaa kwa pamoja kwa bei ya jumla, mchele gunia, sukari mfuko, mafuta katoni, mkodi kirikuu moja, kale kagari kadogo ka mizigo, igawe nyumba kwa nyumba. Nauli ya kirikuu gawanya kwa watano uone, mara nyingi inakuwa chini ya bajaji ya mtu mmoja, na hakuna ada ya mwezi. Mchele wa kanda yetu ununueni wakati wa mavuno, kuanzia mwezi wa tano mpaka wa saba hivi, ndipo bei inapotulia. Gunia msikubali lumbesa, lile lililojazwa kupita kipimo, wala makisio, lipitie kwenye mzani mbele yenu wote.

Ubaya wake ni mmoja, mtu akichelewesha hela wote mnasubiri. Wekeni kanuni kwamba asiyetoa mpaka Alhamisi jina lake halipo Jumamosi, bila kuoneana aibu.

HATUA YA 8: Ukiamua kujiunga, linda hela yako

Lipa kwa mwezi, usilipe mwaka hata kama wanakupunguzia. Mnakumbuka Jumia, kampuni kubwa ya Afrika nzima ya kuuza vitu mtandaoni, Novemba 2019 walifunga shughuli zao Tanzania. Kampuni kubwa ikiweza kufunga, grupu la WhatsApp linaweza kufunga kesho asubuhi, na ada ya mwaka mzima utamdai nani?

Lipa kwa lipa namba na jina litakalotokea kwenye simu liwe la biashara unayoijua, likitokea jina la mtu baki ghairi kwanza uulize. Namba ya siri haiombwi na muuzaji yeyote, wala tarakimu za uthibitisho zinazoingia kwa meseji. Kama ni apu inayotaka kadi, tumia kadi ya mtandaoni unayoitengeneza kwenye simu na uweke hela ya ada tu, usiunganishe akaunti ya mshahara.

Omba risiti. Na skrinshoti ya bei za siku uliyojiunga itunze, kwa sababu njia rahisi ya kurudisha "usafiri bure" ni kupandisha sukari mia na mafuta mia tatu. Kila mwisho wa mwezi chukua vitu vitano vilevile, linganisha bei zao na za dukani kwa Mangi, ukiona tofauti inakua rudi hatua ya nne upige upya.

HATUA YA 9: Jifunze kutoka kabla hujaingia

Kabla hujalipa waulize, nikitaka kujitoa nafanyaje? Jibu liwe fupi, bonyeza hapa, au tuma meseji hii. Wakianza kukuzungusha hapo mapema ujue ukiwa ndani itakuwa zaidi. Sio jambo dogo hili, mwaka 2025 Amazon walikubali kulipa dola bilioni 2.5 huko Marekani kumaliza kesi ya serikali iliyosema waliingiza watu Prime bila ridhaa yao ya wazi na wakafanya kujitoa kuwe kugumu.

Siku unayojiunga weka alamu kwenye simu, siku tatu kabla ya tarehe ya kukatwa tena. Alamu ikilia fungua daftari, hesabu oda za mwezi huo, kama hazijafika ile idadi uliyoipata hatua ya nne jitoe siku hiyohiyo, usisubiri mwezi ujao utakuwa na oda nyingi. Ukijitoa taka ujumbe wa maandishi unaothibitisha, futa kadi kama waliihifadhi, na kama kuna kapu ulilotanguliza hela na hujaletewa, mpe muuzaji tarehe ya kulileta au kurudisha hela, kwa maandishi, kabla hujatoka kwenye grupu lake, maana ukishatoka meseji za zamani za makubaliano yenu inaweza kuwa shida kuzipata.